Mama Ameona Mayo Yangu

Butembo, siku ya tatu ya juma

Mama amejua. Asubuhi alikuta mayo yangu, nguo ya kuogelea, ku kamba, ingali inachuruzika, akaishika kwa vidole viwili kama samaki yenye kuoza.

"Unaenda wapi na hii?"

"Kuogelea ku pisine ya hoteli, mama. Mara mbili kila juma. Munganga alisema inasaidia magoti."

Sikumuambia kwamba napenda. Kwamba nina miaka makumi ine na tatu, na mule ndani ya mayi njo mara ya kwanza nasikia mwili yangu mwepesi. Lakini nitasemaje vile mbele yake? Ndugu yangu Kambale alizama mu ziwa, kule Kyavinyonge, na mama hakukanyaga tena ukingo wa ziwa.

Ku masomo, penye nafundisha, nilikosea hesabu mbele ya batoto, mara mbili.

Mangaribi, tukichambua maharagi, akauliza: "Mayi ya kule inafika wapi?"

"Ku kifua."

"Basi siku ya sita tunaenda wote. Nitakaa pembeni, nikuangalie."

Nimeitika. Tangu pale situlii. Sijui kama nitaweza kuingiza kichwa ndani ya mayi, na yeye ananiangalia.