Sauti ya Bibi Ndani ya Simu

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumamosi, saa nne asubuhi

Mpendwa Dada,

Mwanangu Kibonge ameibusu simu sasa hivi, akaipakata kama mtoto mchanga, akasema, "Bibi, imba." Na Bibi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale mkekani, hatua mbili tu. Nimeishiwa nguvu, ndiyo maana nimechana karatasi ya daftari nikuandikie.

Hujambo lakini? Shemeji mgongo umepoa? Sisi wazima wa mwili. Kibonge anaota magego, anang'ata kila kitu hadi futi yangu ya kupimia. Sare za shule zimenijaa, nashona mpaka kiuno kinalalamika.

Dada, kosa ni langu. Unazijua zile nyimbo za kubembelezea ambazo Bibi alitulea nazo, alizozipata kwa mama yake. Niliona anazeeka, nikaogopa zitapotea, nikamrekodi. Siku ile alicheka: "Yaani mnanitia kwenye kopo kama samaki?" Basi nikawa namwekea mtoto simu ili nipate kukunja pindo. Analala, kazi inakwenda, nikajiona mjanja kweli.

Sasa Bibi ameacha kuimba. Hii ni wiki ya tatu. Nikimwomba anasema, "Si nimo humo? Huyo wa humo hachoki wala hakohoi." Anatania, ila hacheki. Hata mazungumzo yamepungua. Juzi alikaa asubuhi nzima bila neno, mpaka nikaenda kumgusa bega nihakikishe yu hai.

Naogopa, Dada. Nikizifuta, halafu Bibi akatutoka, Kibonge atabaki na nini? Nikiziacha, naona kama nimemzika angali hai. Ningekupigia, lakini simu nimeizima, nimeiweka juu ya kabati. Kibonge analia kwa hasira huko sebuleni, aliko Bibi. Sijaenda kumchukua. Nimekaza roho, sikio liko mlangoni.

Nitangulize salamu kabla sijavurugwa. Msalimie Shemeji, na mwanao yule anayejifunza ufundi wa redio, mwambie asichokonoe umeme kwa mikono yenye maji. Mungu awafunike huko mliko. Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nisipoandika.

Kilio kimeshuka. Dada, Bibi anaimba! Sauti inakwaruza, lakini ni yeye.

Amekwama. Ananiita: "Mama Kibonge! Hebu njoo, mstari wa pili umenikimbia." Nami siukumbuki, tangu niurekodi nimeacha kuushika, lakini naenda hivyo hivyo, tukikaa wote watatu huenda ukarudi.