Jiwe Nililolishusha Kilimani

Usa River, Arusha

Dada Skola,

Shikamoo. Najua huna hamu na shikamoo yangu, lakini ipokee hivyo hivyo, ni ya mdogo wako. Mama ameamkaje? Ule mkono wa kushoto bado una baridi? Na wewe mgongo unasemaje, maana kumgeuza mtu mzima kitandani kila asubuhi si kazi ya mgongo mmoja. Mimi mwili upo. Nyayo zimechubuka na kucha za vidole vikubwa zimekuwa nyeusi. Sisemi ili unionee huruma.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Barua nimempa dereva wa basi la Songea, Shemeji Gaudensi ataifuata stendi. Naomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umenuna.

Nianze na lile unalolijua. Likizo yangu haikusogezwa. Msimamizi wa shamba la maua alinipa kama kila mwaka, mimi nikakwambia imesogezwa, halafu nikaenda hija kwa miguu na kundi la parokia, kutoka Arusha mjini hadi kilima cha msalaba huko upande wa Babati. Picha aliyokurushia binamu yetu Deo ni ya kweli. Anayeoshwa miguu kwenye beseni ni Mama Anjela, na anayemwosha huku anacheka ni mimi.

Uliniuliza, "Festo, Mungu yuko Babati tu? Huku Mbinga hayupo?" Ukakata kabla sijajibu. Nimetembea na swali hilo katikati ya mistari ya waridi wiki nzima. Jibu ninalo, ila si zuri. Niliogopa. Tangu uliponiambia mdomo wa mama umekwenda upande, na kwamba wewe mwenyewe anakuita kwa jina la bibi, niliogopa kuingia mle chumbani. Nikajiambia nikitembea kwa ajili yake, Mungu atamwinua kwanza, halafu nitakuja kumkuta amekaa uani anachambua maharage. Kutembea ni rahisi, dada. Unatanguliza mguu huu, unafuatisha ule. Jioni umechoka na unajiona mtu mwema.

Wa kwanza kunizoea alikuwa Lomayani, kijana wa bodaboda wa Sombetini, Mwarusha, tena Mlutheri. Alikuja kumsindikiza shangazi yake aliyeolewa na Mkatoliki. Tulipofika Kisongo shangazi alirudi kwa sababu ya magoti, yeye akaendelea. "Kaka, mimi hata chumvi dukani naifuata na pikipiki," aliniambia. "Leo nimeacha chombo nyumbani nafuata Wakatoliki." Rozari hakuijua, lakini aliitikia kwa sauti kuliko sisi sote, na mara nyingi sisi tumeshanyamaza. Kiongozi wetu alipomwambia apunguze, alijibu, "Mwenyekiti, nivumilie, mimi ni mgeni, sijui inapoishia." Hata watawa walicheka.

Mama Anjela ni mjane wa Sekei, anauza ndizi na parachichi. Ni rika la mama. Miguu yake inavimba, na bado hakutaka mtu amshikie mfuko. Asubuhi ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, wazazi wako wapo?" Nikasema baba alishatangulia. "Na mama?"

Dada, nilinyamaza. Ningesema yupo, angeuliza hali yake. Ningesema amepooza, angeuliza nani anamtunza, na mara ya mwisho nilimwona lini. Nikaangalia barabara. Yeye akauelewa ukimya wangu kama mtu yeyote wa kwetu angeuelewa. Akanishika mkono akasema, "Pole sana, baba. Alikuwa anaitwa nani?" Nikasema, Bibiana. Hakuna uongo uliotoka mdomoni mwangu, na uongo ulikuwa umeshatimia.

Kuanzia hapo nikawa mtoto wake. Akimenya ndizi, nusu ni yangu. Upepo wa Makuyuni ulipotupiga na vumbi lake, alinifunga kanga yake usoni. Katika kundi letu kuna desturi kwamba jioni, kabla ya chakula, unamwosha miguu yule uliyetembea naye siku hiyo, kwa maji ya moto na chumvi. Mimi nilimwosha yeye kila jioni. Alikuwa na jiwe jeusi la Meru lenye matundu, lile jepesi ambalo wanawake wa huku wanasugulia visigino, na ndilo nililotumia. Nilikuwa nikisugua visigino vyake vilivyopasuka nakumbuka vya mama, vilivyokuwa vinaingia udongo wakati wa kuchuma kahawa. Halafu naacha kukumbuka. Pale ndipo Lomayani alipotupiga ile picha iliyozunguka kwenye simu mpaka ikamfikia Deo, alipoanza kunitania kwamba nitafute kazi saluni.

Jioni tulipofika Makuyuni ndipo nilipokupigia simu nyuma ya madarasa tuliyolala. Nilikuuliza kama mama amekula, ukasema amekula uji kidogo. Nikakwambia nipo kazini. Lomayani alikuwa anaanika soksi zake hapo karibu.

Mlima Meru tulikuwa nao mgongoni kila tukigeuka, mpaka asubuhi moja tukageuka haupo. Watu walishangilia, kwamba sasa tumekwenda. Mimi nilijisikia kama mtu aliyetoroka akafanikiwa.

Desturi ya pili ni ya mawe. Kila hujaji anatoka na jiwe la kwao, anapanda nalo kilimani. Jiwe la mgonjwa linawekwa kwenye pango la Mama Maria, la marehemu linawekwa chini ya msalaba. Mimi nilikuwa mgeni, sikuja na jiwe. Tulipofika chini ya kilima Mama Anjela alinipa mawili ya kwake nimbebee, maana pumzi ilikuwa imemwishia. Moja nilijua ni la marehemu mumewe. La pili lilikuwa lile la kusugulia visigino. Nilidhani amechanganya, sikuuliza.

Kule juu aliweka la mumewe, akamtaja. Kisha akachukua la pili mkononi mwangu, akaliweka chini ya msalaba na kupaza sauti. "Na hili ni la Bibiana, mama yake Festo. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Kundi zima likaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Na mimi niliitikia, dada. Mdomo ulitangulia. Watu walikuja kunipa pole mmoja mmoja, na mimi nilizipokea.

Wakati wa kushuka Lomayani alitembea pembeni yangu muda mrefu bila utani. Halafu akaniuliza, "Kaka, pale Makuyuni ulikuwa unamuulizia nani kama amekula?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Basi leo umezika mtu anayekunywa uji," akasema, akanipita.

Nilimkuta Mama Anjela amekaa kwenye ngazi za kanisa lililo chini ya kilima, ameshavua viatu. Nikamwambia yote, hata la likizo. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alianza kuvaa viatu tena, polepole, kwa sababu miguu ilikuwa imejaa.

"Yuko hai," alisema, "na mimi nimemwombea kaburi. Simama twende juu."

"Mama, na miguu hiyo?"

"Miguu hii umeiosha wewe. Twende."

Tulipanda mara ya pili, watu wengine wanateremka na kutushangaa. Mawe chini ya msalaba ni rundo, na nusu ya kundi letu walikuja na mawe meusi ya Meru. Nilipiga magoti nikawa naokota, naangalia, narudisha. Nililijua lilipofika kiganjani, maana lina shimo panapoingia kidole gumba. Nikamwonyesha. Nilidhani atanielekeza kwenye pango, liwekwe kwa wagonjwa.

"Hapana," akasema. Akalifuta kwa kanga, akalirudisha mkononi mwangu. "Hili halikai hapa. Mpelekee mwenyewe. Na siku utakapomwosha, umwambie kuna mwanamke Sekei anamwomba radhi."

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuja kabla hujaniona kwenye picha, ingawa sijakupa sababu ya kuniamini. Juzi nilimwomba msimamizi ruhusa. Alisema likizo nimeshaila, na nikiondoka sasa nafasi yangu itachukuliwa. Amesema ukweli, watu wa kukata maua wapo wengi getini kila asubuhi. Nimerudisha buti na glavu. Alhamisi Lomayani ananipeleka stendi kwa pikipiki yake. Amesema bodaboda ya kumrudisha mtu kwa mama yake Walutheri hawatozi.

Sijui kama mama nimwambie nilichofanya. Kama siku hiyo atanitambua, nitamwambia. Kama ataniita kwa jina la baba au la mjomba, nitaitika, kisha nimwambie hivyo hivyo. Wewe sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka ulale usiku mzima, mimi niwe naamka kumgeuza, tuone baada ya hapo utasemaje.

Nisalimie Shemeji Gaudensi, na mwanao Imelda, mwambie mjomba hana zawadi safari hii. Nisalimie mama mdogo Kresensia anayekupokea siku za kanisa. Mjomba Valeriani wa mashine ya kahawa mwambie natafuta kibarua, hata cha kubeba magunia. Jirani yetu Babu Kasto, kama bado anakuja kumwombea mama, mwambie aendelee.

Jumamosi jioni maji yakishachemka, tia chumvi, uyaweke kando. Usimwoshe mama miguu. Niachie mimi, nakuja na jiwe.

Mdogo wako,
Festo