Maji ya Damu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi
Nimerudi sokoni Mafiga, nimefungua belo moja la mitumba. Miguu bado haina nguvu, homa iliniacha mifupa mitupu. Tangu kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kiuzwe sijawahi kufurahia kukunja suruali za watu kama leo. Mama mkwe kakataa kurudi mlimani kwenye bustani zake mpaka nipone kabisa. Anapika uji uani, mke wangu Perpetua ananiletea. Mkwe haingii ninapolala. Miaka yote ya ndoa hajanisemesha moja kwa moja, nami sijatamka jina lake. Ndiyo heshima yetu.

Jumatano, 4 Machi
Mama mkwe ana homa. Ileile. Asubuhi katema damu. Mashuka yangu alifua yeye, kwa mikono yake, nilipokuwa sijitambui. Nimejifungia chooni nikalia.

Alhamisi, 5 Machi
Hospitali. Dawa ya homa hii hakuna. Daktari ananitaka mimi: maji ya damu yangu, yale ya njano yanayobaki juu chembe nyekundu zikitulia chini. Eti yana askari walioishinda homa, huenda wakamsaidia na yeye. Hakuahidi. Vipimo safi, kundi la damu linafaa. Nimetoa. Akaniuliza jina la mgonjwa. Nikaduwaa mpaka Perpetua alipolitaja. Daktari ni mgeni huku, kadhani silijui.

Jioni Perpetua kaniletea jibu. Mama amekataa. "Damu ya mkwe initembee mwilini? Uso wangu nitauweka wapi?" Nimekasirika. Heshima gani hii ya kufa nayo! Halafu nikajiona: nimesimama nje ya wodi, na mimi siwezi kuvuka kizingiti.

Ijumaa, 6 Machi
Amezidiwa. Nimezunguka hadi dirishani kwake, kwa nje. Nikaupa ukuta mgongo. "Mama, shikamoo. Uji wako ulinitembea mwilini, sikuona haya. Pokea na wewe." Kisha nikamsikia akimwita nesi alete chupa ya yale maji yangu ya njano.

Mvua imeninyeshea palepale. Sikuondoka.

Jumapili, 8 Machi
Mama kaacha kutema damu. Homa bado. Chakula hakipiti.

Jumamosi, 21 Machi
Mama mkwe yuko nyumbani, amekonda. Kakaa nyuma ya ukuta wa jiko anachambua mchicha. Mimi upande wa pili nashona vifungo. Tumepeana migongo kama kawaida. Perpetua kaenda sokoni, hakuna wa kutumwa.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

Bakuli la uji likasukumwa kwenye kona ya ukuta. Nimekunywa wote.