Kuhesabu Siku hadi Wiki ya Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Kipimajoto kwapani tena. Thelathini na sita nukta saba. Siku ya tano wodini Kakamega. Chupa ya pacha wa kwanza ilipasuka nikiwa kwenye cherehani, Sigalagala, mimba ya wiki ishirini na nane. Ya mwenzake bado nzima. Sindano za kukomaza mapafu yao nimemaliza. Kazi yangu sasa ni kumeza dawa, kulala, kuangalia pedi. Daktari anataka tuvute siku.

Jumatano, 5 Machi
Hamu ya binti yangu Nafula imenishika. Ana miaka minne, yuko Lumakanda kwa mama mkwe. Watoto hawaruhusiwi wodini. Baba yake alimpa simu. Akauliza, "Mama, ulihama?" Nikamwambia sijahama. Akarudisha simu.
Nililia chini ya shuka.

Ijumaa, 7 Machi
Pedi safi. Mioyo yote miwili inasikika.
Mume wangu Wafula amekuja na ingokho, kuku wa kuchemsha. Amekaa saa moja akarudi kupanda mahindi, mvua imeanza. Nilitaka alale hata kwenye benchi la nje. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi pedi ilinuka. Nikaificha. Siku nne tu kufika wiki thelathini. Nilikaa nayo saa nzima, mwili ukitetemeka, halafu nikamwita Sista Violet. Thelathini na nane nukta tano. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, uchafu umeingia. Tumboni si salama kwao tena. Leo wanatoka."
Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepasuliwa. Msichana, kilo moja na robo. Mvulana, kilo moja kasoro kidogo. Wako nasari ya watoto wachanga, kwenye mashine za joto. Sijawaona. Maziwa yameanza kutoka na sina wa kumpa.

Alhamisi, 13 Machi
Mvulana amefariki. Ni yule aliyepasukiwa chupa. Nilimgusa mguu mara moja tu.
Nilimuuliza Sista kuhusu ile saa. Amesema ugonjwa ulianza kabla sijaunusa. Nataka kumwamini.
Wafula amemchukua kwenda kumzika. Mimi nimebaki. Mshono haujapona.

Jumatano, 19 Machi
Leo wamenipa msichana. Wamemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, wakatufunga kwa leso. Anapumua haraka haraka. Mkono wake umeshika nywele zangu.
Nimemsogeza katikati. Nilikuwa nimemvuta upande mmoja, kumwachia mwenzake nafasi.