Kipande Nilichokata kwenye Pindo la Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote naomba ujue kwamba mimi si mtu wa wivu. Ni mama wa watoto wawili, naishi Rwamishenye hapa Bukoba, nashona nyumbani kwa cherehani ya miguu, na kazi ninayojulikana nayo ni nguo za jinzi, sketi na magauni na mashati ya ile jinzi nyepesi ambayo uzi wa buluu umefumwa na mweupe. Jinzi nzuri ya kukata kwa mita ni shida kuipata, nyingi nilizojaribu zimechanganywa nailoni au ni nyembamba kama chandarua, kwa hiyo tangu mwaka juzi naletewa na wifi yangu Klaudia, dada wa mume wangu Gozbert, ambaye anaishi na mama mkwe huko Muleba na kila baada ya miezi miwili mitatu huvuka Mutukula kwenda Uganda kununua bidhaa zake.

Mara ya kwanza aliniletea kitambaa kizuri sana, mshauri, laini, kimekunjwa ndani ya foronya, kinanukia sabuni, hakina ule mng'ao wa dukani, nikashona na hakikuchuja hata tone. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu, baada ya Pasaka, kikaja ndani ya mfuko wa muuzaji, karatasi ya bei bado imebandikwa, kigumu, kinang'aa, ukikikunja kinalia. Nikamuuliza, "Wifi, mbona hiki si kama kile?" Akanijibu huku anaangalia pembeni, "Ni kilekile wifi, ila siku hizi mama mgongo unamsumbua, kazi nyingine zimesimama." Sasa mshauri, mgongo wa mama na kitambaa vinahusiana wapi? Hapo hapo nikajua kuna kitu ananificha.

Nikashona hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa na oda ya sketi ishirini na mbili za kwaya ya kule Izimbya, za kuvaa na blauzi nyeupe. Jumapili ya kwanza zilipendeza, wakazifua, na Jumapili ya pili sketi zilikuwa zimepanda juu ya magoti na blauzi zilizofuliwa pamoja nazo zimekuwa za buluu, na mwenyekiti wa kwaya, Mama Lilian, akanipigia simu akaniambia katekista aliimba zaburi nzima akitazama dari. Nililia. Halafu nikaanza kufikiri. Nikakumbuka Klaudia alivyovaa gauni la jinzi hiyohiyo kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa shemeji yangu mkubwa, Ildefons, gauni laini, rangi imetulia, nikasema kumbe kitambaa kizuri anabaki nacho yeye, mimi ananiletea takataka.

Hapa ndipo nilipokosea, ingawa mpaka leo sijui kama ni kosa sana. Tulikwenda Muleba kusaidia kuvuna kahawa, nikakuta gauni la Klaudia limeanikwa kwenye kamba nyuma ya jiko, hakuna mtu, mkasi ninao kwenye mkoba kama fundi yeyote, nikageuza pindo upande wa kushoto nikakata kwa ndani kipande cha ukubwa wa kiberiti, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda zangu kuchuma kahawa. Nilitaka kulinganisha tu. Nilipofika nyumbani nikakiloweka kwenye bakuli, na kipande cha kitambaa changu kwenye bakuli jingine, na maji ya kile changu yakawa buluu kama wino na ya kile cha Klaudia yakabaki meupe. Ushahidi ninao, nimeubana kwa pini kwenye daftari langu la vipimo.

Lakini sasa limezuka jambo. Klaudia aliona pindo limekatwa akapiga yowe mpaka majirani wakaja, na wewe unajua watu wanavyoelewa mtu akikata kipande cha nguo yako bila wewe kujua. Mama mkwe hali, hasemi, na ule mgongo sasa wanasema si mgongo wa kawaida. Kuna jirani yao, Bibi Ephrasia, mjane anayeishi peke yake kando ya kibanja cha migomba, kila mtu anajua huwa anaomba vipande vya nguo ajazie mito ya kuuza, hata mimi nimewahi kumpelekea mfuko mzima, basi macho yote yamemgeukia yeye. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wamekatazwa. Wiki iliyopita migomba yake mitatu ilikutwa imefyekwa. Ildefons amesema Jumapili hii baada ya misa kuna kikao cha ukoo, ataletwa mtaalamu wa kuangalia nani mchawi, na Bibi ahame.

Mimi sikumtaja Bibi Ephrasia mahali popote, hilo ulijue. Gozbert hajui lolote. Nikisema ni mimi, mchawi nitaitwa mimi, na Klaudia naye atapata njia ya kukwepa hili suala la kitambaa ambalo ndilo chanzo cha yote. Naomba unishauri, nimbane Klaudia kwa huu ushahidi kabla ya kikao au nisubiri kipite, na je, ni wapi nitapata jinzi nzuri bila kupitia kwake? Si wivu, natafuta haki yangu tu.

Dativa, fundi wa Rwamishenye

JIBU LA MSHAURI

Dativa mwanangu, pole kwa sketi. Ishirini na mbili ni nyingi, na aibu ya kwaya haiishi upesi. Lakini nakwambia mapema kwamba nilianza kukutilia shaka pale ulipokana wivu kabla hata hujaniambia unaishi wapi.

Tuanze na kitambaa, maana najua hutanisikia mpaka tumalize hilo. Nilifundisha sayansi kimu miaka kumi na tisa, na jinzi imenichafua mikono kuliko matope. Hakuna kiwanda kinachotoa kitambaa kinachonukia sabuni. Hakuna muuzaji anayekifungia kwenye foronya. Kuna mtu alikuwa akikiloweka, akikifua, akikianika na kukikunja ndipo kije kwako, na Klaudia alikwambia ni nani. Wewe ulikuwa na kazi ya kuangalia macho yake yanakoelekea. Mama mkwe wako ndiye aliyekuwa akiinama kwenye beseni kwa ajili ya cherehani yako, waitu mwanangu, mita kwa mita, mpaka mgongo ukakataa. Mgongo na kitambaa vinahusiana hapo.

Mara ya tatu kilikuja kama kilivyotoka dukani. Wewe fundi unayejulikana kwa jinzi ukakikata bila kukiloweka, ukawashonea watu wa kwaya. Kingekosaje kuchuja? Kingekosaje kusinyaa? Na huo ushahidi wako wa mabakuli mawili nisingempa hata mwanafunzi wa darasa la sita alama ya kupita. Umechukua gauni lililofuliwa pengine mara kumi ukalilinganisha na kitambaa ambacho hakijawahi kuona maji.

Sisemi Klaudia ni malaika. Angeweza kukwambia wazi, "Wifi, hiki hakijafuliwa." Kama bado una shaka naye, fua hicho chako mara nne, kila mara maji mapya mpaka yatoke meupe, kikauke, ndipo ulinganishe, uhesabu na nyuzi kama unataka. Naweka dau langu ni kilekile.

Kuhusu kununua mwenyewe, amka uende madukani, anza hata Miembeni, mchana kweupe, na usinunue kitambaa chini ya taa ya dukani. Beba leso nyeupe, ilowanishe, sugua kitambaa nayo. Ikitoka buluu kidogo si dhambi, jinzi mpya huchuja, lakini ikitoka imelowa rangi achana nacho. Kinyanyue juu uone mwanga unapitaje. Omba uzi mmoja wa pembeni, uchome nje ya duka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, na iliyochanganywa nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji akikataa usichome uzi mmoja, muage. Ukikipata kizuri nunua nusu mita kwanza, kipime kwa futi, kifue, kianike, kipime tena. Hapo utajua kinapungua kiasi gani. Na hata kikiwa kizuri namna gani, kiloweke chote kabla mkasi haujakigusa. Kwaya uwashonee upya kwa gharama yako. Wao hawakukosa.

Kitambaa kimekwisha. Sasa nisikilize.

Umeniandikia kurasa tatu na nusu, na ndani yake kuna mama mzee ambaye amekatiwa maji na kufyekewa migomba, halafu mwishoni unaniuliza mahali pa kununua jinzi. Unaogopa kuitwa mchawi? Bibi Ephrasia ameshaitwa, na hakukata kitu. Unasema hukumtaja. Hukumtaja kweli, ila ulinyamaza, na ukimya wako ndio uliomshika mkono ukampeleka kwenye kikao. Leo ni migomba. Wewe ni mtu wa Kagera, usinifanye nikueleze kinachoweza kufuata baada ya migomba. Nimekasirika, Dativa, sitakuficha.

Mwambie Gozbert usiku huuhuu. Atafoka, mwache afoke. Kesho asubuhi mwende wote Muleba, na kikao kisisubiriwe. Beba daftari lako la vipimo na sketi moja ya kwaya iliyosinyaa ili waone ulianzia wapi. Pitieni kwa mwenyekiti wa kitongoji na katekista wa hukohuko muwachukue, kwa sababu jambo hili lilizuka kwa yowe mbele ya majirani na halitakwisha kwa minong'ono ya jikoni. Piga magoti kwa mama mkwe umwambie mkono uliokata ni wako, mkasi ni wako, na hakuna dawa yoyote, ni wivu. Litamke hilo neno, halitakuua. Kisha mwombe Klaudia alete gauni. Toa kipande kwenye pini ukiweke juu ya tundu, kila mtu aone kinavyoenea pande zote nne. Mbele ya macho yao ukishone mahali pake.

Ukimaliza usikae kunywa chai. Waongoze wote mpaka mlangoni kwa Bibi Ephrasia, na wa kwanza kuomba radhi uwe wewe. Ildefons naye ana la kusema pale. Maji ya Bibi ya siku hiyo uyachote wewe.

Ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga mara mbili hukupokea, ndiyo maana nimeamua kuchapa. Majina nimeyabadili na kijiji chenu cha huko Muleba nimekiondoa. Pindo la kushoto, kipande cha ukubwa wa kiberiti na gauni nyuma ya jiko nimeviacha makusudi, ili mtu yeyote wa ukoo wenu akisoma ajue aliyekata si Bibi.

Gazeti hili hapa Bukoba linatoka Ijumaa jioni. Muleba linafika Jumamosi saa nne asubuhi. Gari la kwanza linafika kabla yake. Panda hilo.