Saa Moja Nyuma

Tunduma, Jumanne

Kwako Sadoki,

Umenizuia kila mahali kwenye simu, kwa hiyo nampa kaka yako Gwalugano karatasi hii akuletee huko Ileje. Huku tu wazima. Mama ameuza mahindi yote, foleni ya malori ya mpakani imefika Mpemba, na mimi kutulia siwezi.

Sheria za kikosi chetu cha gemu hazijaandikwa popote, lakini nazijua. Anayechelewa anasema "samahani, kikosi", anakaa nje raundi moja, wala hajitetei mbele ya wenzake. Nilichelewa mara tatu, nikanyamaza, ukaniondoa. Sasa najitetea kwako peke yako. Hapa dukani kwetu simu yangu hushika mtandao wa Zambia, na saa yake hujirudisha nyuma saa nzima. Ninyi mkiingia mchezoni saa kumi na mbili, mimi nasoma kumi na moja.

Mama ananiambia nikueleze hivyohivyo kuhusu siku wazee wako walipoleta posa. Nilipoitwa niulizwe kama nawafahamu wageni, yaani kama nakubali, sikuonekana. Nyumbani wote wanailaumu simu, nami nimewaacha wailaumu.

Sadoki, siku ile simu niliiacha chumbani. Nilikuwa nyuma ya jiko la nje, naitazama saa ya ukutani kupitia dirisha la sebule, mpaka walipoaga wakaondoka.

Kwa hilo sijitetei.

Samahani, kikosi.

Jenista