Mwarobaini Kwenye Chapati

Baba Zablon,

Nimekwenda na mtoto kwa mama, Msalato. ~~Tutalala huko.~~ Tutarudi jioni. Maharage yameiva, yaunge tu. Mafuta ya alizeti yaliyo kwenye kikombe usiyapikie, ni ya kupaka kucha zangu.

Asubuhi nilinyamaza kwa sababu dada yako alikuwepo. Ulimshika mkono ukaniambia, "Mwone wifi yako! Wewe kucha zako kama zimeliwa na panya." Erica akacheka. Zake ni ndefu kwa sababu sufuria nasugua mimi.

Halafu ukatema chapati, eti chungu, kesho apike Erica. Uchungu ule ni mwarobaini. Naupaka vidoleni tangu Jumapili ili niache kung'ata kucha, leo nikasahau kunawa kabla ya kukanda unga. Nilitaka siku moja unisifu mimi.

Mwambie Erica aoshe vyombo. Sufuria ya ugali imeungua, aisugue kwa mchanga. Karatasi hii usimsomee.

Kidole gumba cha kushoto sijakiuma tena, kucha imeanza kuota. Nikirudi ukiangalie. Usimwite Erica aje kulinganisha.

Mkeo,
Mama Zablon